Nyonga Yangu na Saa ya Kisu

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 38, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973 hadi nilipostaafu mwaka 2011, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mwalimu mkuu. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa historia. Niliwafundisha watoto wa Mafia habari za Kisimani na Kua, za Waarabu, Wareno na Wajerumani, na vita vya mwaka 1915. Haikunipitikia kamwe kwamba nitakapokuwa mzee nitaandika historia ya kiungo kimoja cha mwili, tena kiungo changu mwenyewe. Lakini maradhi nayo ni mwalimu, na mwanafunzi wake hachagui somo.

Naandika kwa ajili ya wazee wenzangu, wake kwa waume, ninaowaona wakichechemea barabarani Kilindoni na kwenye vijia vya mashamba, ambao kila usiku hujiuliza swali lililonisumbua mimi kwa miaka tisa: je, nikubali kupasuliwa? Na kama nikubali, lini?

Nianze na marehemu baba yangu. Alikuwa mkwezi wa minazi. Mafia ya wakati ule iliishi kwa nazi na mbata, na mkwezi hodari alikuwa mtu wa heshima. Wakati wa masika ya mwaka 1962, mimi nikiwa na umri wa miaka 11, baba aliteleza akaangukia ubavu wa kushoto. Alibebwa juu ya kitanda hadi nyumbani. Jioni ile wazee walikaa barazani kushauriana. Hospitali kubwa ilikuwa Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret na ambayo leo ni Muhimbili. Mmoja alisema baba apelekwe kwa jahazi. Mwingine akasema, "Akienda huko watamkata mguu." Neno hilo la pili ndilo lililoshinda.

Aliitwa mganga wa mifupa, akamfunga banzi na kumkanda. Sitaki mtu amdharau mganga yule. Nilimwona kwa macho yangu akiunga mikono na miundi ya watoto waliovunjika, na leo ni watu wazima wanaotembea sawasawa. Lakini shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, si kama muundi. Mishipa inayoipelekea damu ni myembamba, na mfupa unapokatika pale mara nyingi mishipa hiyo hukatika nayo, kwa hiyo mfupa hukosa chakula na hauungi. Baba alilala miezi minne. Alipoinuka, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Hakukwea tena mnazi. Alitembea na gongo hadi alipofariki mwaka 1979, na kwa miaka 17 sikumbuki kumwona akikaa bila kukunja uso.

Mwaka huohuo wa 1962, ambao sisi tunaukumbuka kwa kuwa Tanganyika ikawa Jamhuri tarehe 9 Desemba, kulitokea jambo lingine mbali sana na Mafia. Mwezi Novemba, katika hospitali ya Wrightington iliyoko Lancashire, Uingereza, daktari John Charnley alimwekea mgonjwa nyonga bandia ya aina ambayo ndiyo mama wa nyonga nyingi zinazowekwa leo. Baba hakupata habari hizo, wala mimi sikuzipata hadi nilipokuwa mgonjwa. Lakini ili msomaji aelewe kwa nini nilichelewa, na kwa nini baadaye nilikubali, sina budi kurudi nyuma zaidi.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana pwani yetu, na Mafia ikaangukia upande wa Mjerumani, aliyeweka makao yake Chole hadi mwaka 1913 alipoyahamishia Kilindoni. Wakati ule Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika Mashariki. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara zilivuka bahari zikageuzwa bangili huko India, na vitufe vya piano huko Marekani. Basi katika miaka hiyohiyo, 1890 na 1891, daktari mmoja wa Berlin jina lake Themistocles Gluck alichonga pembe za ndovu akatengeneza viungo vya binadamu: goti, na kichwa cha mfupa wa nyonga. Pembe hunyolewa vizuri na haiozi upesi. Wazo lake lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika wagonjwa aliowachagua. Wengi wao viungo vyao vilikuwa vimeharibiwa na kifua kikuu cha mifupa, na wakati ule kifua kikuu hakikuwa na dawa. Uchafu wa ugonjwa ulibaki ndani, ukarudi, na kazi yake ikaharibika. Mwenyewe alikiri hivyo. Hapa tunaona jambo la kwanza: upasuaji mzuri ukifanywa kwa mgonjwa asiyefaa, au wakati usiofaa, hugeuka kuwa balaa.

Baada yake walikuja wengine. Mwaka 1946 huko Paris ndugu wawili wa ukoo wa Judet waliweka vichwa vya nyonga vilivyotengenezwa kwa plastiki ngumu. Wagonjwa walifurahi mwanzoni, kisha plastiki ikaanza kulika na kulegea. Inasimuliwa kwamba Charnley alianza kuwaza sana juu ya jambo hili alipokutana na mgonjwa ambaye nyonga yake ya namna hiyo ilikuwa ikilia kama bawaba isiyotiwa mafuta, hata mke wake akawa hapendi kukaa naye chumba kimoja. Charnley akatambua kwamba tatizo ni msuguano. Akatafuta kitu chenye utelezi, akapata Teflon, ambayo sisi tunaijua kwa vikaango visivyogandisha chakula. Kati ya mwaka 1958 na 1962 aliwawekea watu karibu 300. Walitembea, wakamshukuru. Baada ya miaka michache Teflon ilisagika ikawa unga, unga ule ukachokoza mwili, maumivu yakarudi. Ikambidi awapasue tena watu walewale aliowafurahisha.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii ni ya fundi wake, Harry Craven. Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alileta kipande cha plastiki ya aina nyingine, iliyokuwa ikitumika katika mitambo ya viwanda vya nguo. Charnley aliipapasa, akaikataa. Bwana mkubwa aliposafiri, fundi akaitia katika mashine ya kujaribia. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi hakuona aibu kujifunza kwa fundi wake. Tena hakukimbilia kuwawekea watu: alijipachika kipande chake katika paja lake mwenyewe aone mwili utakipokeaje. Baadaye aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba wakifa nyonga zao zirudishwe zichunguzwe, na wengi walikubali. Nimewaongoza walimu wengi, na ningependa kila mmoja wetu angekuwa na unyenyekevu wa namna hiyo.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2013 nilianza kuumwa goti la kushoto. Nasema goti, kwa sababu hapo ndipo nilipoyasikia maumivu. Nililipaka mafuta ya kila aina yanayouzwa mnadani, nikaumikwa, nikavaa kifungo cha mpira. Kwetu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na mimi nikalipokea jina hilo bila kuuliza, mimi niliyewafundisha watoto kuuliza. Duka moja la dawa likanizoesha vidonge vya diklofenaki. Nikivimeza nilitembea. Nilivimeza karibu kila siku kwa miaka miwili, bila kipimo wala ushauri, hadi siku nilipopata choo cheusi kama lami na kuanguka bafuni. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Vidonge vya kundi hilo, pamoja na brufeni, vinaweza kutoboa tumbo, kudhoofisha figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa sisi wazee. Msomaji mwenzangu, ukikumbuka jambo moja tu katika kurasa hizi, basi kumbuka hilo.

Katika msiba huo nilikutana na daktari kijana, binti wa umri wa wajukuu zangu. "Shikamoo mwalimu," alisema, "naomba ulale chali." Sikumweleza habari ya nyonga, nilimweleza goti. Aliukunja mguu wangu, kisha akauzungusha taratibu kuelekea ndani. Nilipiga kelele. Maumivu yalikuwa kinenani.

"Goti lako halina kosa, mwalimu," akasema. "Mgonjwa ni nyonga. Goti linapokea salamu tu."

Picha ya eksirei ikathibitisha. Katika nyonga nzima, kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake huonekana nafasi. Si nafasi tupu: ni gegedu, ile nyama ngumu nyeupe kama tunayoiona kwenye kiungo cha mbuzi, ambayo huzuia mfupa usikwaruze mfupa. Yangu ilikuwa imelika, na pembeni mifupa ilikuwa imeota vinundu. Aliniambia hakuna kidonge wala sindano ya kuotesha gegedu upya, na anayeuza dawa ya namna hiyo anauza maneno.

Nilidhani atasema nipasuliwe kesho. Hakusema. "Bado," alisema. Kisha akanifundisha mambo manne. La kwanza, fimbo. Mimi nilikuwa nikiishika mkono wa kushoto, upande ule unaouma, kama alivyofanya baba miaka yote 17. Kumbe fimbo hushikwa mkono wa upande wa pili, ili mwili unapokanyaga mguu mgonjwa, mkono uupokee mzigo kutoka ng'ambo. Jambo dogo namna hii, na siku ileile nilitembea vizuri zaidi! La pili, kupunguza uzito, maana kila kilo ya tumboni huilemea nyonga mara kadhaa kwa kila hatua. La tatu, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na matako kila asubuhi kitandani, na kutembea baharini maji yakiwa kifuani, kwa sababu maji hukubeba. Bahari tunayo bure. La nne, panadol kwa kipimo, na zile dawa kali niziache kabisa.

Kwa mambo hayo nilipata miaka sita ya nafuu. Nayasema haya kwa sababu wako wanaodhani nyonga ikilika ni kisu tu. Rafiki yangu mmoja, mvuvi mstaafu, picha yake ni mbaya kuliko ilivyokuwa yangu, lakini analala usiku, anakwenda shambani, anafunga ngalawa yake. Huyo hahitaji kupasuliwa. Hakuna daktari mwenye busara anayepasua picha. Wako pia vijana, hasa wenye selimundu, ugonjwa ambao pwani yetu inaujua sana. Kwao damu hukwama na kichwa cha mfupa hufa wangali na miaka 20 au 30. Uamuzi wao ni mzito zaidi, kwa kuwa nyonga bandia nayo huchakaa. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi zenye kumbukumbu ndefu, zikachapishwa mwaka 2019, zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 70 hiyo ni maisha yake yote yaliyobaki. Kwa kijana ni nusu ya safari.

Mwaka 2021 nafuu yangu ilianza kuisha. Daktari alinishauri niandike, nami nikachukua daftari la shule nikapiga mistari mitatu. Mstari wa kwanza: natembea umbali gani kabla ya kusimama. Wa pili: nimeamshwa mara ngapi usiku. Wa tatu: leo nimeacha kufanya nini. Mwanzoni niliandika kwamba nafika msikitini kwa kupumzika mara moja. Baada ya miezi mitano nilipumzika mara nne. Kisha nikaandika kwamba siendi tena. Niliandika: nimeshindwa kuvaa kiatu cha kushoto, amenivalisha mke wangu. Niliandika: sikwenda kumzika jirani. Usiku huo sikulala, na si kwa maumivu peke yake. Mtu wa kwetu asiyeweza kwenda kuzika anahesabiwa miongoni mwa wanaongojea kuzikwa.

Hata hivyo niliogopa. Baraza la ukoo lilikaa, kama lilivyokaa mwaka 1962, na nilisikia maneno yaleyale. "Kaka, umri huo si wa kukatwakatwa." Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Darasani nilikuwa nikizifundisha zote mbili bila kueleza ni lini mtu ashike ipi. Mke wangu ndiye aliyeamua mjadala. Alileta daftari langu, akalisoma kwa sauti mbele ya wote, ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza, kaka yangu mkubwa alisema, "Mpelekeni."

Enzi za baba yangu kusafiri lilikuwa jambo la upepo. Sisi tulipanda chombo kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha gari kupitia Bungu na Mkuranga hadi Dar es Salaam. Nchi nayo ilikuwa imepiga hatua. Zamani wenye uwezo walikwenda India au Ulaya, na wasio nao walibaki na gongo. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria iliyoianzisha Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, na leo kubadilisha nyonga ni kazi inayofanywa na madaktari wetu wenyewe. Daktari wa upasuaji hakunipamba kwa maneno. Alinitajia hatari zote: kuingia vijidudu, damu kuganda mguuni, nyonga kuchomoka, mguu mmoja kuzidi mwingine. Akapima moyo na sukari, akanitaka nitibu kwanza jino bovu, kwa sababu kidonda cha kinywani kinaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye nyonga mpya. Nikamkumbuka Gluck na wagonjwa wake. Kisha akauliza, "Mzee, unataka nini hasa?" Nikajibu, "Nataka kulala, na nataka kwenda kuzika." Akasema hayo yanawezekana. Kukwea mnazi hakuwezekani.

Ilikuwa mwaka 2022, na mimi nina miaka 71. Nilichomwa sindano ya mgongo, hivyo nilikuwa macho. Nilisikia msumeno na nyundo, kama nimelala kando ya mafundi wa majahazi wa Jibondo. Siku ya pili walinisimamisha. Maumivu ya kidonda yalikuwapo, lakini yale ya zamani, yaliyokaa nami miaka tisa, hayakuwapo. Nililia, na sioni haya kuyaandika.

Yako niliyoyaacha. Sikai juu ya mbuzi ya kukunia nazi wala kigoda kifupi, choo changu kimejengewa kiti, na nasali nimekaa kitini. Mwanzoni nilihuzunika kutosujudu hadi chini. Sasa nashukuru kwamba nafika msikitini kwa miguu yangu. Misuli iliyokuwa imenyauka katika ule mwaka wa mwisho wa kuogopa ilichukua miezi mingi kurudi, na daktari aliniambia kwamba ningengoja zaidi isingerudi yote. Hilo ndilo deni la kuchelewa.

Basi, ndugu msomaji, jibu nililolipata ni hili. Saa ya kisu haionyeshwi na umri peke yake, wala na picha peke yake, wala na hofu ya ukoo. Jaribu kwanza fimbo, mazoezi, kupunguza uzito na dawa zisizodhuru, tena ujaribu kwa dhati. Ikiwa baada ya hayo yote maumivu yanakunyima usingizi na kukunyang'anya, moja baada ya jingine, mambo yanayokufanya uwe mtu kati ya watu, na picha inakubaliana nawe, na mwili una uwezo, saa imefika. Kabla ya hapo ni haraka. Baada ya hapo ni kungoja kunakoumiza. Na mwenye kuisoma saa hiyo ni mgonjwa mwenyewe, daktari humsaidia tu kuishika taa.

Siwalaumu wazee waliokaa barazani mwaka 1962. Walimpenda baba yangu, na uamuzi wao ulitoka katika mapenzi hayo. Walichokosa ni habari. Sisi wa leo hatuna udhuru huo, ndiyo maana nimeyaandika niliyoyapitia. Mwezi uliopita tulimzika mzee mwenzetu, nami nilitembea na jeneza kutoka nyumbani kwake hadi makaburini, fimbo ikiwa mkono wa kulia. Kaburi la baba yangu liko hukohuko. Nilisimama hapo kidogo, kwa miguu miwili, nikamwombea dua, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.